Mume wangu ameahidi milioni tano kanisani, na mimi namtumia mama yangu fungu la kumi kwa siri

BARUA

Mshauri wetu, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali mkoani Kilimanjaro. Nina miaka 41, nimeolewa, tuna watoto watatu. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Si kubwa, lakini ndilo lililotujengea nyumba tunayoishi. Jina langu usilitoe, maana usharika wetu wote wangenitambua.

Kwanza ujue sisi ni watu wa kutoa. Tulipooana tulikuwa tunakaa chumba kimoja cha kupanga, na hata wakati huo mume wangu akipata fedha ya kibarua alikuwa anatenga kwanza ya Mungu. Anaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, ndipo tunaanza hesabu za unga na mafuta ya taa. Kwetu Same sikulelewa hivyo, baba alikuwa anatupa sarafu kwenye kikapu basi. Mwanzoni niliona ni wazimu. Baadaye nikagundua kwamba tangu tuanze ule utaratibu hatujawahi kugombana juu ya fedha. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunakaa kitandani na daftari, tunatenga, tunaomba, tunalala. Nilikuwa naupenda usiku ule.

Sasa yamebadilika. Usharika unajenga kanisa jipya, na mwezi wa tano kulikuwa na changizo la kupaua. Mgeni rasmi alitoka Dar es Salaam. Mshereheshaji anawaita watu kwa majina: "Baba Fulani, tunakusubiri!" Mfanyabiashara mmoja ambaye duka lake linatazamana na letu akasimama akasema milioni tatu. Vigelegele. Sisi nyumbani tulikuwa tumekubaliana laki tano. Mume wangu akasimama akasema milioni tano. Akaitwa mbele aombewe, na mimi nikaitwa nisimame naye. Nilisimama, nikatabasamu, miguu inatetemeka.

Nadhani ni ushindani tu. Usharika huu ndio aliokulia, ndio waliomlipia ada ya kidato cha tatu na cha nne baba yake alipofariki, kwa hiyo anajulikana na anapenda kuonekana ameendelea. Hata kwenye mnada baada ya ibada siku hizi hashikiki. Juzi kanunua mkungu wa ndizi mshare kwa elfu arobaini, akaurudisha unadiwe tena. Zamani ningecheka. Sasa tumbo linaniuma.

Ahadi zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na safu ya kilichotolewa na safu ya kilichobaki. Yetu inasoma 1,500,000 na 3,500,000. Mwisho ni Desemba. Biashara imelala, na binti yetu mkubwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, ada yake ya kuanzia ni milioni moja na laki mbili, inatakiwa Septemba. Nikimwuliza, anajibu: "Mungu atafungua mlango." Mlango aliouona ni mimi. Ameniletea fomu ya mkopo wa SACCOS yetu ya walimu, chama chetu cha akiba na mikopo, nikope hiyo milioni tatu na nusu tumalize. Watanikata 190,000 kila mwezi kwa miaka miwili. Mkononi napokea kama laki saba na themanini.

Na mimi nina langu. Baba alifariki, mama yupo Same peke yake, ana presha na miguu inavimba. Tangu mwaka juzi kila mwezi namtumia elfu sitini kwa simu, ya dawa na ya binti anayemchotea maji. Hiyo fedha naitoa kwenye fungu langu la kumi. Kwenye bahasha ya kanisa naweka kilichobaki. Mume wangu anajua bahasha yangu ni kamili. Sijawahi kumwambia, kwa sababu najua atasema kaka zangu wapo. Kila likisomwa lile neno la kumwibia Mungu, naona ni mimi ninayesomewa.

Nisaini fomu? Ahadi iliyotolewa mbele ya madhabahu inaweza kupunguzwa, au tutajiletea laana? Na la mama nimwambie, au ninyamaze mpaka haya yapite?

Mama wa Watatu, Kilimanjaro


JIBU

Amina, Mama wa Watatu. Nimefurahi umeandika kwa kirefu, maana mengi ya maana yamo katika yale uliyoyapita haraka haraka.

Umeniuliza mambo matatu: mkopo, ahadi, na hiyo elfu sitini ya mama. Ukaliweka la mama mwisho. Mimi nitaanza nalo, kwa sababu naona ndilo lililokufunga mdomo kwenye yale mawili. Mumeo amekuletea fomu mezani na hujamwambia hapana wala ndiyo. Mwalimu wa sekondari, mwanamke uliyekuwa unakaa na mumeo na daftari miaka yote hiyo, ghafla huna la kusema. Nahisi unajiambia: nitamhojije kuhusu milioni tano zake wakati nina sitini zangu?

Umetaja kumwibia Mungu. Hayo ni ya Malaki sura ya 3, na najua yanavyosomwa siku za kugawa bahasha. Lakini usiishie kwenye mstari wa 8. Mstari wa 10 unasema zaka iletwe ghalani "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu". Chakula hicho kilikuwa cha nani? Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Kilikuwa cha Walawi wasio na shamba la urithi, na kila mwaka wa tatu kilikuwa cha mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Tena sura hiyo hiyo inaiambia familia ile zaka yake mbele za Bwana kwa furaha, na hapo sijawahi kusikia pakihubiriwa siku ya bahasha! Kisha soma Marko 7, Bwana Yesu anapowakemea watu wa dini waliokuwa wanatamka kwamba mali yao ni Korbani, imekwisha kuwekwa wakfu, ili wasiwasaidie baba na mama. Mjane wa Same hayuko mbali na kurasa hizo.

Hata hivyo sitakuambia basi, ulale usingizi. Nimekuwa mhasibu wa usharika kwa miaka kadhaa, najua mlango huu ukifunguliwa hupita nini. Leo dawa ya mama, kesho ada ya mpwa, keshokutwa sare ya kitchen party, na vyote vinaitwa fungu la kumi. Ikifika Novemba mwinjilisti hajalipwa posho na umeme wa kanisa umekatwa. Wapo wachungaji watakaokuambia fungu la kumi ni la usharika, na msaada wa wazazi unatoka kwenye yale tisa yanayobaki. Wapo watakaokubariki uendelee hivyo hivyo. Hawajakubaliana wao kwa wao, na mimi siwezi kuwaamulia kwenye gazeti. Ninaloona ni kwamba kinachokuchoma si mahali fedha inapokwenda. Ni kwamba mliyekuwa mnatenga naye anadhani bado mnatenga pamoja.

Halafu umeandika, "najua atasema kaka zangu wapo". Umejuaje, dada yangu? Kwa maelezo yako hujawahi kumwuliza. Huyu ndiye mtu aliyekuwa anatoa ya Mungu wakati hamna mafuta ya taa. Inawezekana kweli akasema hivyo, watu hubadilika. Lakini kwa sasa unamhukumu kwa jibu ulilomwandikia wewe.

Na hapo ndipo nataka turudi kwenye ile nusu sentensi yako, kwamba usharika huo ulimlipia ada baba yake alipofariki. Umeitumia kama ushahidi kwamba anapenda kuonekana. Mimi nimeisoma vingine. Kijana wa kidato cha tatu amefiwa na baba, na jina lake linatajwa kwenye matangazo ili achangiwe. Anakua akijua kwamba yule mama wa benchi la tatu alitoa, na yule mzee wa kwaya naye alitoa. Leo ana duka, anaambiwa kanisa hilo hilo halina paa, na mshereheshaji anamwita kwa jina. Wewe unatuma dawa kwa aliyekulea. Huenda na yeye siku ile alikuwa anafanya hilo hilo, kwa walezi wengi kwa mpigo, tena kwenye kipaza sauti. Ushindani unaweza kuwa ulikuwepo pia. Mioyo yetu haina vyumba vilivyotenganishwa kiasi hicho. Ila ukimwendea na neno "ushindani" mkononi, atajitetea, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha kabla hayajaanza.

Simtetei kwa alichokufanyia. Mlikubaliana laki tano nyumbani, akasema mara kumi yake mbele za watu, kisha ukaitwa mbele utabasamu. Hilo linauma, na una haki ya kumwambia limekuuma. Paulo naye aliwachochea Wakorintho kwa kuwatajia ukarimu wa Wamakedonia, kwa hiyo kuchochewa peke yake si dhambi. Lakini katika barua hiyo hiyo, 2 Wakorintho 9:7, anataka kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Mlichokikusudia ninyi wawili mlikijua kabla hamjatoka nyumbani.

Sasa ahadi. Mumeo akikataa kusikia habari ya kupunguza, usimwone mkaidi. Mhubiri sura ya 5 anasema wazi kwamba ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na mtu anayemcha Mungu hawezi kulipita neno hilo kirahisi. Lakini umwonyeshe na Walawi 27, sura ambayo wengi wetu huiruka. Ni sura nzima juu ya nadhiri na thamani zake kwa shekeli. Mstari wa 8 unasema aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko kiasi kilichopangwa, asimamishwe mbele ya kuhani, naye kuhani amkadirie kwa kadiri ya uwezo wake. Ona utaratibu wenyewe: hatoroki na hanyamazi. Anakwenda mbele ya kuhani, anasema hali yake. Na Paulo, 2 Wakorintho 8:12, anasema nia ikiwepo mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Laana unayoiogopa siioni katika maandiko hayo. Aibu naiona, ya wanadamu, na si ndogo mahali ambapo majina yamebandikwa ubaoni.

Twende kwenye fomu, na hapa niruhusu nitoe kikokotoo. Makato ya 190,000 kwa miezi 24 ni 4,560,000. Umekopa 3,500,000. Riba peke yake ni milioni moja na elfu sitini, ambayo ni dawa za mama yako kwa miezi 17 na zaidi. Riba hiyo haitaezeka hata bati moja. Mkononi utabaki na laki tano na tisini, binti yuko chuo, duka limelala. Afisa mikopo atakuambia unakopesheka, kwa sababu theluthi ya mshahara inayotakiwa ibaki itakuwa imebaki. Ni kweli unakopesheka. Lakini yeye hatakuwepo Januari.

Je, wapo wanaokopa ili watoe, na wakabarikiwa? Wanashuhudia hivyo, na sitabishana na ushuhuda wa mtu. Ukisaini, saini ukiwa umekubali mwenyewe, maana makato ni ya mshahara wako na jina ni lako. Ukisaini ili kufidia ile siri ya mama, naogopa utailipa kwa miaka miwili ukiwa na kinyongo, na kinyongo hicho kitamfikia mumeo hata kama hukitaji. Ukikataa bila kueleza, yeye ataona umemwacha peke yake mbele ya ubao. Njia zote mbili zina gharama.

Lipo lingine ambalo hamjaligusa kwenye barua yako, na limenishangaza kidogo. Mumeo anauza vifaa vya ujenzi. Kamati inapaua. Misumari, kofia za bati, mbao, rangi: yote hayo kamati itayanunua mahali fulani. Kamati nyingi hupokea ahadi kwa vifaa, vikithaminiwa kwa bei mliyokubaliana na kuandikiwa stakabadhi. Vile vinavyokaa dukani bila kununuliwa, katoni za misumari zilizojaa vumbi huko nyuma, vinaweza kupunguza hiyo milioni tatu na nusu kwa kiasi cha kuonekana, bila SACCOS. Hatari yake mnaijua kuliko mimi. Mtaji ukiliwa, duka halitajaza rafu kwa maombi. Na kama atachukua mabati kwa mali kauli, yaani alipe baadaye, kwa msambazaji ili ayapeleke kanisani, huo ni mkopo ule ule umevaa kanzu. Pigeni hesabu ya bidhaa kwanza, mkiwa wawili, jioni baada ya kufunga.

Njia nyingine ni kuomba muda. Kwenye vitabu nilivyokuwa naandika, ahadi zilizovuka Desemba hazikuwa chache, na wengi walizimaliza mwaka uliofuata kwa elfu hamsini hamsini. Waliotuumiza kichwa ni waliohama benchi kwa aibu, wakaacha hata sadaka ya kawaida. Aliyekuja ofisini akasema "nimeelemewa, nipeni mpaka Juni" tulimwandikia Juni, na hakuna aliyetangaziwa. Kila usharika na watu wake, siwezi kukuahidi wenu utakuwa na ustaarabu huo. Habari huvuja, na yule wa duka la mbele atasikia. Mumeo ndiye atakayebeba hilo, kwa hiyo uamuzi wa kwenda lazima utoke kwake. Usiende wewe kumsemea. Hata mchungaji akikupokea vizuri, mume akigundua itakuwa siri ya pili.

Ada ya binti siiweki kwenye kundi moja na haya mengine. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, na Septemba iko mbele ya Desemba. Lakini sijui mumeo anaonaje. Huenda anategemea mauzo fulani ambayo hajakuambia. Mwulize hiyo "Mungu atafungua mlango" ina nini ndani yake: kuna mdaiwa wake atakayemlipa, kuna zabuni anaisubiri, au ni hofu tu?

Basi utaanzaje? Sikupangii, ila nikuambie ninachokiona. Ukianza na milioni zake, mtaishia kwenye sitini zako, na zitatoka vibaya, katikati ya ugomvi. Ukianza na zako, unajianika. Anaweza kukasirika, na kwa siku kadhaa ukasemwa wewe wakati uliyetaka asemwe ni yeye. Au anaweza kunyamaza, akauliza mama anatumia dawa gani. Sijui. Unamjua wewe. Lile daftari bado lipo? Kama lipo, pengine si lazima uanze kwa hotuba. Mwambie unataka mkae nalo tena mwisho wa mwezi huu, na safari hii uandike kila kitu, pamoja na mstari wa Same. Na umwulize, kabla ya jambo lolote la fedha, siku ile alipokuwa amesimama alikuwa anamfikiria nani.

Fomu iache bila kusaini mpaka hapo. Na mkikubaliana kwenda kwa mchungaji, nendeni wawili, siku ya kazi, asubuhi, ofisini kwake. Msimvizie Jumapili sakristia sadaka zikiwa zinahesabiwa, hamtapata hata dakika tano.